Suruali Isiyobana

Siku ilipotoka amri ya kila mtu kukaa kwake kwa sababu ya ugonjwa ulioenea, dereva alilirudisha basi la wafanyakazi kwenye yadi ya kiwanda, akakabidhi funguo, akarudi nyumbani kwa miguu na mto wa kiti chake kwapani. Mto ule alikuwa ameukalia miaka mingi, ukashika umbo lake. Aliuweka juu ya kiti cha mbao karibu na dirisha, akaukalia, na tangu siku ile ukitaka kumwona, ni hapo.

Mtaani walimwita Breki, kwa sababu hakuwahi kumtikisa abiria. Alikuwa akisimamisha basi kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, na ukutani zilining'inia nguo za wateja ambao sasa hawakuwa na pa kwenda nazo. Watoto wao walikuwa na nyumba zao, mbali, na barabara zimefungwa. Basi nyumba ikabaki na watu wawili, redio na sufuria.

Kila asubuhi Breki alioga, akanyoa ndevu, akavaa suruali yake ya kazi ya kaki. Mkanda wa kiuno hakuwa nao. Anayekaa kwenye usukani kutwa, mkanda unamkata tumbo. Kwa hiyo yeye alivaa mikanda ya mabegani, ile yenye mpira.

“Wakinipigia sasa hivi, mimi niko tayari,” alimwambia mkewe. “Sitaki wanikute na nguo za kulalia.”

“Haya, dereva. Abiria wako ni mimi na cherehani.”

Simu haikuja, na Breki akawa anakula. Hakuwa mlafi tangu zamani; fundi aliyeishi naye alilijua hilo. Ilikuwa ni redio. Redio ikitaja waliolazwa, Breki ananyanyuka kumega mkate. Ikisema mipaka imefungwa, anakwenda kwenye wali uliobaki jana, anakula kwa mwiko, amesimama, na chakula cha kusimama yeye hakukihesabu kuwa chakula. Wakipiga nyimbo za msiba, karanga. Ikafika mahali fundi akazijua habari za dunia kwa kusikiliza mfuniko wa sufuria tu, hata redio ikiwa imepunguzwa sauti.

Breki alikuwa na mdogo wake wa kike, nesi, ambaye wakati ule hospitali haikumruhusu kurudi kwake wala kutembelea mtu. Kazi yake ikawa kupiga simu. Alikuwa na sababu. Mama yao alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikatwa mguu mmoja, kisha wa pili, akazikwa mfupi kuliko alivyoishi. Na Breki mwenyewe, mwaka uliopita, daktari alimwambia waziwazi: sukari yako iko mlangoni, usiifungulie.

“Wifi,” nesi alimuuliza fundi, “hapo nyumbani hamna mzani?”

“Niutoe wapi, wifi yangu? Nina futi ya kupimia nguo, na kaka yako hakubali kupimwa. Anasema yeye si mteja.”

“Basi iangalie ile suruali yake ya kazi. Siku itakayombana, nipigie siku hiyo hiyo, nimtafutie nafasi aje apimwe damu. Yeye simwamini, ana maneno matamu. Mimi naiamini suruali.”

“Nitakupigia.”

“Wewe ndiye mzani wangu, wifi.”

Suruali ilimbana wiki ile aliyofariki dereva mwenzake wa zamu. Hawakuruhusiwa kumzika. Walisikia tu kwamba amezikwa, na watu wa kuhesabika, wamevaa mipira mikononi. Asubuhi yake Breki alisimama mbele ya kitanda akivuta pumzi ndani, kifungo hakifiki kwenye tundu lake. Akavuta tena. Halafu akakaa kitandani, suruali imefunguka, mikono juu ya magoti. Fundi aliyekuwa akikunja shuka alimtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa kuwa sasa na yeye anafuatia.

“Ivue,” fundi alisema. “Ina mikunjo. Niipige pasi.”

Akaenda nayo chumba cha mbele, akafunga mlango.

Suruali ya kiume, kwa asiyejua, ina mshono mmoja unaoanza kiunoni nyuma na kushuka katikati ya makalio. Kwenye mshono huo fundi mwenye akili huacha kitambaa cha akiba, kimekunjwa ndani, kikisubiri mwenyewe anenepe. Ukiufumua na kuushona nje kidogo, suruali inaongezeka na mbele haionekani kitu. Nyuma ndiko panapobaki mstari wa rangi mbichi, kwa sababu kitambaa kilichokuwa ndani hakikupigwa na jua kama kilichokuwa nje. Lakini nani atamwona mtu mgongoni wakati watu wote wamefungiwa, na yeye mwenyewe anakaa kwenye mto kutwa?

Aliachia kidogo. Akaipiga pasi kweli, ili asiwe amesema uongo.

Breki aliivaa, kifungo kikaingia. “Unaona?” alisema, na uso ukarudi. “Ilikuwa ni ile sabuni mpya. Inakaza nguo.”

“Yawezekana.”

Nesi alipiga. “Suruali vipi, wifi?”

“Haijambana,” fundi alijibu, na ilikuwa kweli, suruali haikumbana.

Walipotangaza kuwa amri imeongezwa muda, akaachia tena. Baadaye akaachia mara nyingine. Jioni akipiga magoti kusali aliwaombea watoto wake, wagonjwa, manesi, na marehemu kwa majina yao. Jambo la suruali alilizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Alijiambia kuwa anampa mumewe nafasi ya kupumua. Mara ya mwisho alipoufumua ule mshono aliona kilichobaki ndani ni ukingo tu wa kitambaa, mwembamba kama utambi wa taa. Hapakuwa na cha kuachia tena.

Hapo ndipo alipogeukia jikoni. Alianza kupakua kwenye sahani za chai. Mkate akauficha kwenye droo ya vifungo, na karanga akaziweka juu ya kabati, ndani ya boksi la nyuzi. Chai akaitia sukari ya kunusa tu.

Breki alivumilia siku chache. Kisha akaweka kijiko chini.

“Mama watoto, hiki ni chakula au ni mfano wa chakula?”

“Ni chakula.”

“Mbona nakiona kitako cha sahani kabla sijaanza?”

“Tupunguze kidogo, baba watoto. Hatutembei, hatufanyi kazi. Mwili unajaa.”

“Mwili wa nani?” Breki alisimama, akavuta mikanda yake ya mabegani mbele kwa vidole gumba na kuiachia, ikapiga kifuani, pwa! “Kwani mimi nimenenepa? Suruali hii hapa! Ni ile ile niliyoshuka nayo kwenye basi. Inanibana? Njoo utie mkono uone. Unanipimia chakula kama mfungwa, na suruali inanishuhudia.”

Fundi aliitazama ile suruali. Shahidi alikuwa amemshona yeye mwenyewe. Breki alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya vifungo, akatoa mkate, akapuliza kifungo kilichoganda juu yake, akamega.

“Na karanga nazijua ziliko,” alisema. “Sikutaka tu kukuaibisha.”

Wakaendelea hivyo. Lakini fundi alikuwa mtu wa kuangalia, hata asipotaka. Aliona kwamba jagi la maji alilojaza asubuhi limekwisha kabla ya mchana, na hakulinywa yeye. Aliona mlango wa choo haupumziki. Siku moja alimkuta Breki amevua soksi, anaupiga piga unyayo wake kwa kiganja.

“Una nini?”

“Ganzi. Nimeukalia vibaya.”

“Umeukaliaje unyayo?”

“Wewe nawe! Mguu umelala, utaamka.” Akavaa soksi haraka. Lakini alikuwa ameutazama ule mguu kitambo kabla ya kuuvalisha, na fundi alijua anamwona nani pale. “Nataka nishike tena usukani, basi,” alisema Breki, kama mtu anayejibu swali. “Dereva bila miguu huyo ni abiria.”

Fundi alirudi kwenye cherehani. Wakati ule alikuwa anashona barakoa, kazi aliyopewa na hospitali kupitia wifi yake. Alishona huku akitafuta namna ya kulisema, na kila namna aliyoipata ilianza vizuri na kukwama katikati. Alipoinua kichwa aliona kwamba barakoa zote za asubuhi ile amezishona kichwa chini: mikunjo imeelekea juu, kwenye waya wa pua, inadaka vumbi badala ya kulimwaga. Kosa la mtoto wa kujifunza. Lundo zima, lote la kufumua.

Akalitazama lile lundo. Halafu akaita.

“Baba watoto! Njoo unisaidie. Nimeharibu.”

Breki alikuja na mto wake. Fundi alimpa wembe na barakoa moja.

“Usivute. Uzi ukiuvuta kitambaa kinakasirika. Kata uzi penye tundu moja, ruka kadhaa, kata tena. Ukigeuza upande wa pili, uzi wenyewe unatoka.”

“Taratibu taratibu.”

“Kama unasimamisha basi.”

Alikuwa na mkono mzuri. Hilo fundi alilitarajia. Barakoa ya kwanza aliitoboa, ya pili ikatoka safi, na baada ya hapo akawa anapiga mluzi. Redio ilikuwa imezimwa. Mchana wote hakunyanyuka kwenda jikoni, na sidhani kama alijua.

“Hivi vitundu vinabaki?” aliuliza, amenyoosha kitambaa kwenye mwanga. “Naona pale sindano ilipopita panajulikana.”

“Kitambaa chepesi ukikipiga maji na pasi, vinajifunga. Kizito vinabaki.”

“Kumbe. Huwezi kudanganya.”

“Unaweza, mpaka mtu afumue.”

Lundo lilipoisha, Breki alijinyoosha akatazama huku na huku kutafuta nyingine. Fundi alikuwa ameshika suruali ya kaki. Alikuwa ameifua asubuhi, na Breki siku hiyo alivaa bukta ya mwanawe ya zamani.

“Fumua na hii,” alisema. “Mshono wa nyuma.”

“Hii si yangu?”

“Ni yako.”

“Ina nini?”

“Fumua.”

Breki aliigeuza ndani nje, akaanza kama alivyofundishwa: kata, ruka, kata. Uzi ukatoka. Vile vipande viwili vikaachana mikononi mwake, akavilaza mapajani, akainama. Kaki ya nje ilikuwa imepauka kama karatasi ya zamani. Kisha palikuwa na ukanda wa kaki mbichi, na juu ya ukanda ule mistari ya vitundu, mmoja pembeni ya mwenzake, kama ngazi.

Hakuwa mjinga.

“Huu?” alisema, kidole juu ya mstari wa kwanza.

“Huo ulikuja nao. Wa siku niliyokushonea.”

“Na huu?”

“Wiki aliyofariki mwenzako.”

“Huu?”

“Walipoongeza muda wa amri.”

Kidole kikasogea hadi ule aliokuwa ameufumua sasa hivi, pembeni kabisa. “Na huu?”

“Huo hauna sababu. Ulikuwa umenenepa tu.”

Breki alitoa sauti puani, ambayo ingeweza kuwa kicheko. Hakikuendelea.

“Kwa hiyo wakati wote nakushinda kwa hii suruali.”

“Ulikuwa unanishinda.”

“Na nesi ulimwambiaje?”

“Kwamba haikubani.”

“Ukapata mdomo wa kumwambia hivyo?”

“Niliupata.”

“Kwa nini, mama watoto?”

Fundi alikuwa akiokota vipande vya uzi sakafuni, kimoja kimoja. “Asubuhi ile kilipokataa kifungo, nilikuona uso,” alisema. “Nikasema nikupe siku chache. Kitambaa kimekwisha sasa. Na mguu wako nimeuona.”

Breki aliupiga unyayo wake sakafuni mara mbili, kama anayetafuta pedali. Alisubiri kuusikia. Kisha akampa suruali.

“Irudishe.”

“Kwenye mstari upi? Ukisema ule wa kwanza utaitundika ukutani tu, uwe unaiangalia.”

Alifikiri. Akaweka kidole gumba juu ya mstari wa wiki ya msiba. “Huu.”

“Huo utakubana.”

“Si ndiyo kazi yake? Bana, fundi.”

Akanyanyuka na bukta yake, akachukua simu mezani, akasimama nayo dirishani akiwa amempa mkewe mgongo. Fundi alitia uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza haukuingia.

“Mdogo wangu,” alimsikia akisema. “Mimi, kaka yako. Hatujambo. Sikiliza, suruali inanibana.” Akasikiliza. “Zamani. Ilikuwa imenyamazishwa tu. Hapana, usimgombeze, nitakueleza.” Akasikiliza tena, akisugua kisogo. “Ndiyo. Maji mengi. Ndiyo, na ganzi. Wa kushoto. Ndiyo, kama wa mama. Sawa, kesho asubuhi. Tumbo tupu mpaka unione? Hata chai? Haya.”

Akaweka simu.

Saa ya taarifa ya habari ilikuwa imefika, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaiwasha redio. Msomaji akaanza: waliolazwa, waliofariki, mikoa iliyoongezwa. Breki akatoka chumbani kimya kimya, akapita kuelekea nyuma ya nyumba. Fundi aliuondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akatega sikio kusikiliza mfuniko wa sufuria.

Mfuniko haukulia. Alisikia mlango wa choo, maji, kisha nyayo zikirudi, ule wa kushoto ukikanyaga kwa wasiwasi. Akaurudisha mguu wake kwenye pedali, akaendelea kubana.