Ujumbe Haukufika Dundori

Kabla ya kuanzisha kampuni zake mbili, Nerima alikuwa karani wa kupokea maziwa katika kituo kimoja cha kupozea maziwa huko Dundori. Kwa miaka kumi na miwili alisimama langoni kila alfajiri akipima mikebe, na aliwajua ng'ombe wa watu kuliko alivyowajua watoto wao. Maziwa ya mtu yakipungua siku mbili mfululizo, alimwuliza kama mnyama ana homa. Mara nyingi ilikuwa hivyo.

Kompyuta hakuisomea hata siku moja. Kampuni yake ya kwanza, Gunia, ilikusudiwa kuwaunganisha wakulima wa viazi na wauzaji wa barabarani kule Gilgil. Mtaalamu aliyemkodi alimwonyesha picha nzuri kwenye simu kubwa, naye akaridhika. Hakuuliza kama zile simu ndogo za kubonyeza, ambazo ndizo wakulima walikuwa nazo, zingeweza kuifungua programu hiyo. Hazikuweza. Gunia haikumaliza mwaka.

Ya pili aliiita Zizi, na safari hii aliamini amejifunza. Hakutaka picha. Mfugaji akiona ng'ombe anaumwa, angetuma ujumbe mfupi kueleza dalili, na mtambo ungeupeleka kwa Daktari Jepkemei, daktari wa mifugo wa eneo lile. Aliyeujenga mtambo ni Kipkemoi, mhandisi mpole asiyependa maneno mengi.

Zamani Jepkemei alipigiwa simu na kila mtu kwa wakati mmoja, na aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyefikiwa kwanza. Kwa hiyo Nerima alizunguka makanisani akiwaomba watu waache kupiga simu. Watume tu, kila mmoja atafikiwa kwa zamu yake. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Mzee Ogola, aliyestaafu kazi ya reli mjini Nakuru na kuhamia Dundori na ng'ombe mmoja, Atoti. Mwaka mmoja na nusu mambo yalienda vizuri. Wajane waliokuwa wakisahauliwa walifikiwa. Jepkemei alikiacha nyumbani kijitabu alichokuwa akiandikia namba za wafugaji, na hatimaye hakujua kilikoenda.

Kisha Kipkemoi akapata kazi Kigali. Hakumfanyia Nerima ubaya wowote. Alitoa taarifa mwezi mzima mapema, akaandika maneno yote ya siri kwenye daftari, akaketi naye alasiri tatu akimweleza. Nerima aliitikia kila kitu kwa kichwa. Hakuelewa hata robo, lakini aliona haya kuuliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitwa mkurugenzi. Alasiri ya mwisho ndipo akauliza swali moja: akiona kwenye kompyuta ile alama ya kijani kando ya ujumbe, mambo ni sawa?

"Ndio, madam," Kipkemoi alisema. "Kijani ni sawa."

Hakumdanganya. Kijani kilimaanisha ujumbe umeingia kwenye mtambo. Kwamba umetoka na kumfikia daktari, hilo lilikuwa jambo lingine, na Nerima hakujua kwamba ni mambo mawili.

Aprili iliyofuata mvua ilinyesha sana, kupe wakazidi, ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe, ikaanza. Kampuni iliyokuwa ikisafirisha ujumbe wa Zizi ilibadilisha utaratibu wake, na barua pepe ya kuwajulisha wateja ikaenda kwenye anwani ya Kipkemoi ambayo hakuna aliyeifungua tena. Tangu Jumatatu moja, ujumbe uliingia na haukutoka. Kila asubuhi Nerima aliwasha kompyuta, akaona kijani juu hadi chini, akafurahi kwamba watu wanaitumia Zizi kuliko wakati wowote. Jepkemei, ambaye simu yake ilikuwa imenyamaza, alidhani ugonjwa umeiruka Dundori, akashuka upande wa Longonot kuchanja.

Siku ya tisa ndipo mfugaji mmoja alipochoka kungoja zamu, akaipata namba ya daktari kwa jirani na kumpigia. Jepkemei naye akampigia Nerima. Walipohesabu, ujumbe sitini na tatu ulikuwa umekwama. Ng'ombe tisa walikuwa wamekufa, na Atoti alikuwa mmoja wao.

Nerima alienda kwa Mzee Ogola siku iyo hiyo. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, mgongo wake umeelekea zizi. Alimweleza yote, tangu Kigali hadi ile barua pepe. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Nilituma mara nne," akasema. "Ya mwisho nilituma akiwa amelala chini. Nikasema, hapana, nisipige, nitamharibia mwenzangu zamu."

Nerima alisema pole.

"Kule reli," mzee akaendelea, "taa ikiwa kijani na treni haionekani, mtu anashuka anaenda kuangalia. Wewe, mama, hukushuka?"

"Sikujua kuna pa kushuka, Mzee."

"Na ukatuambia tuache simu zetu."

"Ndio."

Mzee alimpa mkono wa kwaheri kama mtu muungwana.

Mwezi uliofuata Nerima alitafuta mhandisi mwingine. Wa kwanza alisema kazi ya Kipkemoi ilikuwa mbovu, ivunjwe yote. Wa pili alisema ilikuwa nzuri, iachwe. Wa tatu alisema yule wa pili hajui kitu. Nerima aliwatazama mmoja baada ya mwingine, wote wakiongea kwa uhakika, na hakuwa na njia ya kujua mkweli ni yupi. Hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa palepale alipokuwa siku ya Gunia, akiridhika na anachoonyeshwa.

Hata hivyo alirudi Dundori. Katika ukumbi wa kanisa, mbele ya watu wapatao arobaini, alikiri kosa lake bila kumtaja Kipkemoi. Alisema anasomea kompyuta jioni, polepole, na kwamba wakikubali kuanza tena, kila mtu atabaki na namba ya daktari. Wakamsikiliza kwa adabu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Karatasi ya kujiandikisha upya ilipitishwa safu kwa safu, kila mtu akiitazama kidogo na kumpa jirani, hadi ikafika nyuma bila jina hata moja. Mwenyekiti akafunga kwa sala.

Jepkemei alimsaidia kupanga viti. Alisema amenunua kijitabu kipya, ana majina kumi na mawili, na kwamba hajui atawapata wapi wale wengine mia mbili.

"Nipe nusu nitafute," Nerima akasema.

"Hawatakufungulia mlango, Nerima."

Alijua ni kweli. Waliendelea kupanga viti.