Salamu za Mama Kavira

“Ile sauti ya mama haitoke humu radio, vieux Léon. Hata kama wanakuya na bunduki.”

Roger alisema vile na sauti ilishapanda, mpaka batu ku barza wakanyamaza. Léon, directeur wa radio, naye akapandisha yake: petit, mutoto kama ule, asimufundishe kazi.

Asubuhi Roger alipitisha mu habari mama mumoja mwenye kuuzisha ndizi pa bariere ya askari, njia ya Nyankunde. Mama alisema malori za mbao za Honorable, mubunge wa hapa, zinapitaka bila kufungua turubai, askari wanapiga saluti tu. Jina yake haikutajwa. Tangu hapo batu wa Honorable wanapiga simu: ule mama ni nani?

Reporter mwenye aliulizaka Honorable swali moja mbaya, leo iko anauzisha mayunite za simu kule Aru, na mutu akimugusa bega anaruka. Roger akamukumbusha Léon kama ule mama wa ndizi, Mama Kavira, aliongea juu waliapa kumuficha.

Basi Léon akashusha sauti.

“Nilishamutumia Honorable ile sauti. Kipande tu, ile ya mwisho yenye ulikata, haikupita mu habari. Mama anamusalimia Honorable na heshima yote. Nilitaka asikie kama mama haiko adui.”

Roger akakaa chini. Batu ya Bunia, uwawekee micro mbele ya kinywa, hawaiachi bila kusalimia, hata wametoka kusema maneno ya kuwauwa. Mama Kavira alimusalimia Honorable, ndiyo. Halafu akamusalimia bwana yake, baba Ushindi, kwenye machimbo ya dhahabu, njia ya Niania. Halafu Gentille, binti yake, na majirani wote wa parcelle yake, pale analala, nyuma ya kanisa.

“Uliisikiliza mpaka mwisho?”

Léon alikuwa anaangalia simu.

“Honorable ameandika merci,” akasema polepole. “Anasema anatuma gari, imurudishie mama salamu zake.”

Hakuna mwenye alicheka.

Kavira hakuwa na simu ya kumuonyia. Ile interview Roger alienda kuichukua mwenyewe pa bariere. Akasimama, akatafuta ufunguo ya pikipiki yake. Léon akamuomba akae: gari ya Honorable inakimbia kupita pikipiki, na wakimukuta kule, watawabeba wote wawili. Roger alijua haiko uongo.

Akaokota ufunguo pa meza. Akatoka, akafunga mulango.