Penalti ya Ludomir Kępa

Klabu ya mpira ya Zorza ilipokaribia kutimiza miaka sabini na mitano, mwenyekiti wake Zbyszko Madej, muuza vipuri vya matrekta, alitafuta mtu wa kuiandikia historia. Akamwendea Felicja Wrona, aliyesambaza barua pale kijijini Sowia Wólka kwa miaka thelathini na moja na kumjua kila mtu na kila mbwa. Felicja alikubali kabla mgeni hajamaliza chai.

Historia yenyewe haikuwa na makombe. Zorza ilikuwa imepanda daraja mara kumi na kushuka mara kumi na moja, na sasa ilikuwa chini kabisa, pasipo na pa kushukia tena. Lakini kijiji kilikuwa na siku yake moja ya kujivunia. Mwaka 1976 timu kubwa kutoka jiji la Lublin ilikuja kucheza mechi ya kombe kwenye uwanja wao wenye mabonde, na golikipa Ludomir Kępa akaokoa penalti. Kwamba Zorza ilifungwa sita bila, hilo lilitajwa harakaharaka tu. Felicja mwenyewe alikuwapo, mtoto wa miaka tisa, amekaa juu ya uzio. Aliiona kwa macho yake mikono ya Ludomir ikiupangua mpira.

Ndivyo alivyoamini hadi alipofunua gazeti la zamani katika maktaba ya wilaya. Picha haikuwa na ukungu hata kidogo: mpira umegonga nguzo ya kulia, na Ludomir amelala kushoto, uso kwenye nyasi.

Felicja aliitazama mpaka akaanza kuyatilia shaka na mambo mengine ya utotoni. Kisha akapanda baiskeli moja kwa moja hadi uwanjani, ambako Ludomir, sasa mzee wa miaka sabini, bado ndiye aliyekata nyasi na kupiga mistari ya chokaa. Alimpa nakala ya picha. Mzee akavaa miwani, akacheka hadi akakohoa.

"Hatimaye," alisema. "Nilidhani nitakufa hamjajua."

"Kumbe ulijua, kaka Ludomir?"

"Dada, si mimi niliyelala upande mwingine? Nisijue vipi?"

Alieleza kwamba siku ile alijaribu kusema, lakini walikuwa wameshambeba mabegani, na kufikia kesho yake mama yake alikuwa ameshalitangazia kanisa zima. Tangu hapo, kila alipokana, watu walimsifu kwa unyenyekevu.

"Andika ukweli," alisema. "Ila na ile ya dakika ya themanini uiandike. Jamaa alipiga akiwa hatua tano tu, nikaitoa kwa hiki." Akaonyesha kidole cha mwisho, kilichopinda kama ndoano. "Hakuna anayeikumbuka. Watu walikuwa wameshaenda kukamua ng'ombe."

Felicja alirudi maktaba, na kweli, mstari wa mwisho wa habari ile ulisema kwamba bila mkono wa Kępa mabao yangekuwa saba.

Zbyszko alimsihi asiiguse penalti. "Bi Felicja, tuna kitu kimoja tu, nawe unakichukua."

"Sikichukui," alijibu. "Nakisogeza hadi dakika ya themanini."

Kwenye sherehe, katika ukumbi wa zimamoto, Felicja alisoma ukurasa ule kwa sauti. Kisha kinyozi mstaafu akaapa kwamba yeye aliiona glavu ikigusa mpira, picha au si picha, na ubishi ukaendelea supu yote hadi kwenye soseji, watu wakipanga nguzo za goli mezani kwa matango ya chumvi. Mwishowe mmoja akauliza hiyo ya dakika ya themanini ilikuwaje hasa.

Ludomir alivua koti. Alisimama kati ya viti viwili akaonyesha alivyoruka, huku mkewe akimwambia akae, atavunjika. Wakamwomba arudie. Akarudia. Alipofika mara ya tatu, zile hatua tano zilikuwa zimepungua hadi mbili. Felicja aliongeza haradali kwenye soseji yake, akapiga makofi pamoja na wengine. Kitabu kilikuwa kimeshachapishwa, na humo hatua zilibaki tano.