Mpira wa Breki ya Kulia

Fundi alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu nje, aliposhikwa vifundo na kuvutwa. Kisogo chake kiligonga sakafu mara mbili kabla hajauona uso wa aliyemvuta. Likaja teke la mbavu, kisha la pili, na pumzi ikamkatika.

"Inuka."

"Shemeji, kuna nini?"

"Usiniite shemeji. Inuka nikupige vizuri."

Alikuwa mume wa dada yake, dereva wa teksi ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge kwa sababu ya tumbo lake. Kwa kawaida aliliitikia jina hilo kwa kicheko. Leo shati lake lilikuwa na damu kifuani, na damu haikuwa yake. Alimkamata fundi kwa ukosi wa ovaroli, akamsimamisha, akampiga ngumi ya mdomo. Fundi aliyumba, akaangukia rafu ya spana, na spana zikamwagika juu yake kwa kelele.

"Bwana Bonge, zungumzeni kwanza," alisema bosi wa gereji kutoka mlangoni mwa ofisi yake. "Hapa ni kazini, si ulingoni."

Bonge aliokota spana ya magurudumu na kumrushia bila hata kumtazama. Kioo cha ofisi kilipasuka. Bosi akarudi nyuma ya mlango.

Ndipo dada yake fundi alipoingia kutoka nje, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani. Alikuwa amepanda gari la mumewe ili amzuie njiani, akashindwa.

"Mtoto amegongwa," alimwambia mdogo wake. "Gari letu ndilo lililomgonga. Baba yake alikuwa anaendesha."

Fundi alijifuta damu mdomoni. Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa. Alimwita Mjomba Grisi, na kila Jumamosi alikuja kumpangia nati kwenye makopo, kubwa huku, ndogo kule.

"Yuko hai?"

"Yuko chumba cha upasuaji. Mguu umevunjika mara mbili. Wametutoa nje."

"Nilikanyaga breki mbele ya lango la shule," alisema Bonge, na sauti yake ilikuwa ya chini sasa, mbaya kuliko kelele. "Nimeshika usukani sawasawa. Gari likavuta kushoto kama limeshikwa pua, likapanda ukingo, likambana ukutani. Alikuwa ananipungia mkono. Nani alibadilisha pedi zangu za breki wiki mbili zilizopita?"

"Mimi."

"Kwa mkono gani?"

Fundi aliuficha mkono mmoja nyuma yake. Bonge alimburuta hadi kwenye meza ya kazi, akauingiza mkono wake wa kulia kwenye jiliwa, akazungusha mpini. Vyuma vikakaribiana. Fundi alisikia vidole vyake vikilala kimoja juu ya kingine, kisha vikibanwa mpaka akapiga goti. Bonge akachukua nyundo ya kilo mbili.

"Hutagusa gari la mtu tena."

"Mume wangu," alisema dada, akimshika kiwiko. Bonge alimsukuma, naye akaenda kugonga ubavu wa pikapu.

"Likague kwanza," alisema fundi kwa shida. "Huenda ni tairi. Huenda ni kitu ambacho wala sikukigusa. Ukivunja mkono wangu sasa, hutajua kamwe nani alimvunja mwanao. Likague, na kama ni mimi, nitaurudisha mkono hapa mwenyewe."

Bonge alisimama na nyundo juu muda mrefu. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Ilikuwa wazi kwa wote watatu kwamba kama kosa si la fundi, lilikuwa la yule aliyeshika usukani. Akalegeza jiliwa.

Gari lilikuwa limeegeshwa langoni, taa ya kushoto ikining'inia kwa waya. Bonge alilisukuma ndani peke yake, kwa bega. Fundi alipima upepo wa tairi za mbele, akiomba moyoni moja iwe imelegea. Zilikuwa sawa. Akainua mbele kwa jeki, akaweka stendi, akatoa magurudumu. Pedi zilikuwa nene pande zote mbili, safi, hazina mafuta. Alizifunga vizuri siku ile, aliona. Mkono wake ulikuwa umeanza kuvimba, na kila alipogeuza spana Bonge alikuwa nyuma yake na nyundo, akimhemea shingoni.

Alirudisha magurudumu. "Dada, ingia ukanyage breki ninapokwambia."

Dada aliutazama mlango wa dereva. Kisha akaingia, akaketi, akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Kanyaga."

Fundi alijaribu kuzungusha tairi la kushoto. Halikusogea. Alizunguka upande wa pili, akasukuma la kulia, nalo likazunguka kana kwamba hakuna aliyekanyaga kitu.

"Umekanyaga?"

"Mpaka mwisho."

"Nini hiyo?" aliuliza Bonge.

"Kulia hakuna breki. Kushoto ndiko kunashika peke yake, ndiyo maana gari linageukia huko."

"Kwa nini hakuna?"

Fundi alilegeza nati ya kutolea hewa ya breki upande wa kushoto, na dada alipokanyaga, mafuta ya breki yaliruka kama mkojo wa mtoto. Upande wa kulia yalidondoka tone moja, likaning'inia. Alifungua mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, kule juu unapoungana na bomba la chuma. Mafuta yakaruka. Kwa hiyo yalifika kwenye mpira na kuishia ndani yake.

Aliutoa na kuufuta kwa kitambaa. Katikati, juu ya ngozi nyeusi ya mpira, palikuwa na alama mbili za meno ya plaizi.

Alizijua. Bosi alikuwa amepaka sakafu ya gereji rangi, na sakafu ile aliitunza kama bibi harusi. Mafuta ya breki hula rangi. Kwa hiyo katika gereji hii peke yake fundi yeyote anayefungua breki alitakiwa kwanza kuubana mpira kwa plaizi ya kufunga, mafuta yasidondoke. Siku ile fundi aliubana upande wa kulia, akaenda kula, akarudi baada ya saa nzima. Nje mpira ulirudia umbo lake. Ndani ulikuwa umepasuka na kuziba taratibu, siku baada ya siku.

Bosi alikuwa amesogea sasa. Naye aliziona alama. Akamkazia fundi macho.

"Mpira mzee huo," alisema bosi. "Mipira huzeeka. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ni bahati mbaya tu."

Bonge aliushusha mkono wenye nyundo. "Ni mzee?" alimuuliza fundi. Macho yake yalikuwa yameanza kujaa maji. "Kwa hiyo si wewe. Ni mimi ndiye niliyeendesha gari bovu."

Ilikuwa rahisi kuitikia kwa kichwa. Fundi alimtazama dada yake aliyekuwa bado ameketi ndani ya gari, mguu juu ya breki, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aachie.

"Si mzee," alisema. "Niliubana kwa plaizi. Ni mimi, shemeji."

"Mpumbavu," bosi alinong'ona.

Fundi alikata mpira kwa wembe, akaufungua, akamwonyesha Bonge utando wa ndani uliojikunja na kufunga njia. Kisha akaenda mezani, akauweka mkono wa kulia kwenye jiliwa. Hakuuzungusha mpini.

Bonge alipiga mara moja.

Sauti ilikuwa ndogo, kama kijiti. Vidole viwili, cha kati na cha pete, vilipinda kule visikopinda. Fundi aliteleza chini akatapika. Dada alitoka garini mbio, akampiga mumewe kofi, akampiga tena na tena mpaka pumzi zikamwisha, na Bonge alisimama tu akipigwa. Nyundo ilimtoka mkononi. Akakaa sakafuni kando ya shemeji yake na kuitazama kazi aliyoifanya.

"Sikujisikia vizuri," alisema baadaye, kwa mshangao. "Nilidhani nitajisikia vizuri."

Fundi alikuwa anajaribu kusema kitu.

"Kuna magari mengine. Matatu. Niliyabana hivyo hivyo."

"Twende hospitali kwanza," alisema dada.

"La yule mkunga mteja wetu liko mtaa wa pili. Huwa anaondoka kwenda zamu saa kumi na moja."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro robo. Bonge alibeba jeki begani na mfuko wa spana mkononi, akamshika fundi kiunoni kwa mkono mwingine. Walikwenda hivyo barabarani, mmoja na damu ya mwanawe, mwingine na damu yake, na watu wakawapisha njia. Dada alirudi hospitali peke yake.

Mkunga alikuwa tayari ameshawasha gari. Alipoviona vidole vile alizima, akashuka, akataka kuvifunga.

"Baadaye, mama," alisema fundi. "Rudi ukae. Kanyaga breki, usiachie."

Aliketi ukingoni mwa barabara, mkono ukiwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine, akamwelekeza Bonge pa kuweka jeki. Bonge alipiga magoti kwa taabu, tumbo likimzuia, akainua mbele ya gari.

"Kulia," alisema fundi. "Sukuma."

Bonge alilisukuma tairi kwa viganja viwili. Likazunguka.

Alilitazama mpaka likasimama. Kisha akafungua mfuko wa spana.

"Niambie ni ipi," alisema.