Sili Wamenona

Wazazi wa shule ile, watu ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya rangi ya soksi, walikubaliana jambo moja: dereva wa basi la watoto wao apelekwe baharini akapumzike. Miaka yote aliyoliendesha hajagonga hata kuku. Wakamkatia tiketi ya meli ya kitalii, yeye na mkewe, ambaye ndiye matroni wa basi hilohilo, na mwalimu mkuu akatoa hotuba ya kuwaaga iliyolaza darasa la kwanza zima.

Matroni alifurahi kama bibi harusi. Kila bandari waliyoshuka, mumewe alimshika mkono kwenye ngazi, wala hakumwachia madukani wala vichochoroni. Nyumbani mtu huyuhuyu hutembea mbele yake kama anayefukuzwa na nyuki. Bibi harusi wa kweli, wa chumba cha jirani, alimsuta mumewe hadharani: "Ona wazee wanavyopendana. Wewe unashika simu." Matroni akavimba kichwa.

Siku ya kutazama wanyama wa baharini walipelekwa kwa boti ndogo hadi karibu na miamba walikolala sili, weusi, wanene kama magunia ya mkaa yaliyoloa. Darubini ilikuwa moja. Dereva akaanza.

"Unawaona?" mkewe akauliza.

"Wazuri. Wamenona."

Alipompa mkewe, vifuniko vya lenzi vilikuwa bado mahali pake, vyote viwili.

Matroni alicheka kimoyomoyo. Mzee na utani wake. Na kwa kuwa mzaha hulipwa kwa mzaha, akanyoosha kidole palipokuwa na maji matupu.

"Mzee, tazama nyangumi yule anavyorusha maji."

"Lo, mkubwa," dereva akasema, akitikisa kichwa kwa heshima zote anazostahili nyangumi asiyekuwepo. "Kama basi letu."

Kicheko kikamkauka Matroni. Akamwinamia sikioni.

"Hapana nyangumi pale. Macho yamekufa tangu lini?"

"Mama, watu watasikia."

"Wasikie. Tangu lini?"

"Lilianza la kulia. Kisha mwenzake akaona wivu."

Matroni hakucheka. Alikuwa akikiona kiti chake cha mbele ndani ya basi, na mdomo wake usiotulia: tuta hilo, mzee, pikipiki hiyo kulia, yule mama anavuka na mtoto, taa imekuwa nyekundu. Watoto walimwiga, walimu walimsengenya. Yeye mwenyewe alidhani ni umbea tu wa barabarani. Kumbe basi liliendeshwa kwa mdomo wake.

"Na zile wiki nilizolazwa hospitali?"

"Njia ile naijua hata usingizini."

"Nilipotoka nilikuta taa ya mbele imevunjika. Ukasema umegonga mbwa, tusiwatie wazazi hofu."

"Ndiyo."

"Ulimwona?"

Boti ilipanda wimbi, ikashuka. Abiria walikuwa wakipiga picha, wakiwaomba sili wageuke.

"Nilisikia kishindo," dereva akasema. "Kisha kitu kikawa kinalia. Watoto walikuwa wakiimba nyuma. Nikaenda zangu."

"Basi ulijuaje kuwa ni mbwa?"

Dereva akageuza uso upande wa miamba.

Waliporudi melini, Matroni hakungoja chakula. Alikwenda moja kwa moja mapokezi kuomba simu. Dereva alimfuata, kiganja kikipapasa ukuta.

"Shule inafunguliwa Jumatatu. Subiri tufike, nitajieleza mwenyewe."

"Utajieleza. Na polisi pia."

"Watakuuliza na wewe." Alishusha sauti, haikuwa sauti ya kutisha, ilikuwa ya mtu aliyeishiwa. "Taa ile uliiosha wewe, mama."

Matroni alisimama. Ni kweli. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, akachukua ndoo na kitambaa, akaisugua damu huku akimlalamikia mbwa kwa kukosa adabu ya barabarani.

"Niliiosha," akasema. "Nitawaambia na hilo."

Simu ikaita muda mrefu. Mwalimu mkuu alipopokea, alikuwa na furaha ya mtu aliyeko likizoni.

"Matroni! Haya, bahari inasemaje?"

Mkono wa dereva ulikuwa ukitafuta bega la mkewe hewani. Alisogea kidogo ili ulipate.

"Mwalimu," akasema, "tafuta dereva mwingine. Halafu kaa chini, bado kuna jambo."