Mwangwi wa Upande A

Sauti ya mama yangu imo ndani ya kaseti moja tu, na mwanzo wa kaseti hiyo ulifutwa kabla sijajifunza kuzungumza.

Mama, Anastazia, aliirekodi nyumbani kwa babu, Butiama, wakati baba akifanya kazi machimboni Kahama. Simu ya mkononi ilikuwa bado haijafika kijijini kwetu, na watu walikuwa na desturi ya kutumiana sauti. Aliyebaki nyumbani alijaza upande A, kaseti ikapelekwa Bunda na kukabidhiwa abiria wa basi. Aliyeko mbali aliisikiliza, akajibu kwenye upande B, na kaseti ileile ikarudi ilikotoka. Ya mama ilichukua majuma kadhaa kufika, kwa kuwa ilipitia mikono mingi na kulala juu ya dashibodi za mabasi, juani. Baba aliisikiliza mara moja, bwenini, huku wenzake wakimtania. Jumapili iliyofuata aliketi kujibu, akaiweka kaseti kinyume. Alipogundua kwamba anarekodi juu ya maneno ya mke wake, salamu zote za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupotea. Alikusudia kumwomba azirudie. Kabla hajapata msafiri wa kwenda Bunda, zilimfikia habari za msiba wa mama.

Haya nilisimuliwa na shangazi Eufrasia wa Kibara, aliyekuwamo chumbani siku mama aliporekodi. Aliniambia pia jambo ambalo halijaniacha tangu utotoni: kwamba katika zile salamu za mwanzo mama alinipakata, akanisogeza karibu na redio, akalitaja jina langu. Aliniita Jeska, alisema shangazi, kama mtu anayemwita mtoto kutoka ng'ambo ya shamba. Baba hakuicheza tena kaseti hiyo. Aliirudisha mwanzo, akaifungia kwenye sanduku la bati, na tulipohamia Nyasho, hapa Musoma mjini, sanduku lilikuja nasi likiwa limefungwa vilevile.

Leo nasoma fizikia chuo kikuu, mwaka wa tatu. Mradi wangu ni kuukandamiza unga wa oksidi ya chuma ndani ya kifaa cha chuma kigumu na kupima jinsi usumaku wake unavyobadilika. Ndani ya kila chembe ya unga huo mna elektroni zenye tabia tunayoiita spini, ambayo yaweza kufikiriwa kama sindano ndogo sana ya dira. Spini moja peke yake haina nguvu ya kutajika. Ni ujirani unaozipa nguvu: hii huilazimisha ile ielekee upande mmoja nayo, au upande ulio kinyume, na mapatano hayo hutegemea umbali uliopo kati yao. Ukizikandamiza zikasogeleana kupita kiasi fulani, mapatano huvunjika na mengine hufanyika. Nimeyapenda mambo haya kwa moyo wote, nami naamini kwamba yeyote anayejifunza jinsi vitu vidogo vinavyoshikana anajifunza jambo la haki.

Mwalimu wangu alikuwa akieleza jinsi usumaku unavyohifadhi kumbukumbu alipotaja, kama kwa kupita tu, kasoro ya kaseti za zamani. Utepe, uliopakwa unga wa aina hiyohiyo, unapozungushwa na kukazwa, kila tabaka hulala likiwa limebanwa juu ya jingine. Kaseti ikikaa hivyo kwa muda, hasa kwenye joto, nguvu ya sumaku ya tabaka moja huvuka na kuzigeuza kidogo chembe za tabaka jirani, hata neno likaacha mwangwi wake mahali ambapo halikutamkwa. Mwangwi huo ni hafifu. Kuuzungusha utepe mara kwa mara huufifisha zaidi.

Sikuandika kitu chochote tena siku ile. Niliifikiria ile dashibodi ya basi na jua la Kahama.

Likizo ilipofika nilimwomba baba kaseti. Alikuwa uani akipiga randa mbao za mlango, maana siku hizi ni seremala.

"Mwanzo wake hamna kitu, mama," alisema. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Kuna mimi tu, naongea ujinga."

"Nataka kusikiliza pale unaponyamaza, baba."

Nilimweleza yote, taratibu. Aliuliza swali moja tu, kama kweli kutoicheza kwake ndiko kulikoutunza mwangwi. Nilimjibu kwamba ndivyo. Akaweka randa chini, akaingia ndani, na nikasikia kufuli la sanduku likifunguka.

Redio yetu ya kaseti ilikuwa imekufa zamani, hivyo tulikwenda kwa Prosper, fundi mwenye kibanda karibu na soko la Nyasho. Alifurahi kama aliyeletewa mnyama wa porini. "Mzee, mimi vitu hivi nilikuwaga navyo kabla sijaota ndevu," alimwambia baba, na tayari alikuwa amechomeka kalamu kwenye tundu la kaseti ili auzungushe utepe, maana ndivyo mafundi wote wanavyoulegeza utepe uliokaa sana usije ukakatika. Nikaushika mkono wake.

"Ukiuzungusha utamfuta."

"Nimfute nani tena, dada?"

Nikamweleza naye. Alisikiliza akiwa ameishikilia kalamu hewani, akamtazama baba, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mzee ulimfuta mama, mwenzio akaenda kujificha kwa jirani."

Nilidhani baba angekasirika. Alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, kisha akajifuta uso kwa kiganja.

Prosper alikwenda kuwaomba watu wa saluni ya pembeni wapunguze muziki. Niliunganisha redio yake ya kaseti na kompyuta yangu kwa waya ili sauti ihifadhiwe tangu mara ya kwanza, kwa maana hatukuwa na hakika ya mara ya pili. Nikabonyeza.

Kulikuwa na mchakacho, halafu kijana mmoja akaanza kuzungumza kwa kujikaza, kama anayesoma risala. Alikuwa baba. "Mama Jeska, habari za huko. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Kazi inaendelea vizuri. Hii mbona..." Kishindo. Kisha ukimya wa kiasi cha pumzi moja, kuku akilalamika mahali fulani mbali, na baada yake sauti ya mwanamke: "...na ng'ombe wa baba amezaa, ndama jike, anafanana na mama yake kila kitu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Mama yangu alikuwa msichana wa rika langu.

Nilisimamisha kaseti palepale. Kwenye kompyuta niliukata ule ukimya wa pumzi moja, nikapunguza mchakacho, nikaikuza sauti hadi kuku akawa kama yumo kibandani. Kipokea sauti kimoja nilikiweka sikioni mwangu, kingine nikampa baba. Chini ya mchakacho, kama maneno yanayopenya ukuta wa nyumba ya jirani, alikuwamo.

"Mage, unanisikia?"

Basi. Nilirudia, nikirekebisha hiki na kile, nikitafuta silabi mbili za jina langu. Hazikuwapo. Tabaka lililosalimika lilikuwa limelaliwa na maneno ya mwisho tu ya yale yaliyofutwa; jina langu lilitamkwa mapema zaidi, na majirani zake wote walikwisha kufutwa pamoja nalo. Hakuna kifaa katika maabara yoyote kitakacholirudisha. Nililijua hilo kwa uhakika uleule ninaoutumia kujibu mitihani.

Baba, ambaye jina lake ni Magesa, alikuwa bado amekishikilia kipokea sauti sikioni kwa vidole viwili.

"Hakuna mwingine aliyekuwaga ananiita hivyo," alisema. Baadaye akasema, "Ameniuliza swali."

Akauliza kama upande wa pili bado ni mtupu. Nilimwambia ni mtupu, lakini kuufikia mwanzo wake ingebidi utepe uende hadi mwisho, na kila mzunguko ungeufifisha mwangwi ulio kwenye kaseti yenyewe, ingawa kompyutani ungebaki.

"Acha uende. Hajaiuliza kompyuta."

Tukaucheza upande wote. Mama alizungumzia paa linalovuja, na gauni la harusi la Eufrasia, ambalo mshonaji alilibana mno. Alisema, "Huyu mtoto wako anakula udongo, sijui kamrithi nani," na Prosper akaangalia pembeni ili asicheke. Alinitaja tena na tena, mtoto, huyu mtoto, mtoto wako. Kila mara nilisogea mbele kwenye kiti. Kisha alimuaga baba, na kitufe kikaruka chenyewe.

Baba aliitoa kaseti, akaigeuza, akaitazama, akaigeuza tena, akanipa.

"Angalia wewe. Hii ni B?"

Nikaangalia. Prosper naye akaangalia. Ilikuwa B. Nilimweleza baba kwamba asiogope, kwamba upande A na upande B ni njia mbili zinazopita bega kwa bega juu ya utepe mmoja, kila moja ikielekea kwake, nazo hazigusani. Aliitikia kwa kichwa, ingawa aliniangalia kana kwamba angependelea jibu jingine.

Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Utepe ulianza kwenda.

"Nakusikia, Anastazia," alisema hatimaye. "Nilichelewa kujibu." Kisha akanishika mkono, akanivuta hadi uso wangu ukawa karibu na redio. "Huyu hapa. Sema, mama."

Nikalitaja jina langu, polepole, kwa namna niliyodhani yeye alilitaja.