Kazi ya Kushika Mkia

Katika msafara wetu wa baiskeli, kazi yangu ilikuwa kushika mkia, na mtu asinicheke. Anayeshika mkia ndiye anayehakikisha hakuna aliyeachwa nyuma. Tulikuwa watu ishirini, safari ya kilomita mia na thelathini, tukichangia wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, ipate mashine nyingine za joto. Binti wa kaka yangu alilala siku arobaini ndani ya mashine ya namna hiyo. Ndiyo maana kaka, kinyozi mwenye kitambi na pumu, alikubali nilipomshawishi. Wifi hakukubali. Asubuhi alinishika mkono mlangoni.

"Unamchukua mzima," akasema. "Nirudishie mzima."

Mvua ilitupokea kilomita ya ishirini na haikutuacha. Kaka aliniomba nimtunzie dawa yake ya kuvuta, kwa kuwa begi langu ndilo pekee lililokuwa halivuji. Simu yake alikuwa ameitupia kwenye gari la mizigo, pamoja na akili zake.

Chini ya mlima mrefu cheni ya muuguzi mmoja ilichomoka. Nilibaki naye robo saa, vidole vimekufa ganzi, wengine wakatangulia. Tulipofika juu, kwenye kituo cha mafuta, wenzetu walikuwa wamejibanza ndani wakinywa chai. Nikahesabu vichwa. Kumi na tisa, pamoja na changu. Nikarudia, nikapata kumi na tisa tena. Hakuna aliyemwona kaka akiingia.

Moyo ulinilipuka. Nilijua amejikinga mvua mahali huko nyuma, kifua kimembana, nami nimempita nimeinamisha kichwa kama kuku aliyenyeshewa. Na dawa ninayo mimi. Kiongozi wetu, mwalimu wa hesabu, alisema tuendelee, gari la mizigo lililoko mbele litarudi kumtafuta. Nikamjibu kwamba yeye ahesabu magari, mimi nahesabu watu, nikageuza baiskeli.

Nilirudi kilomita nane nikichungulia kila kibanda na chini ya kila daraja, nikiita hadi sauti ikakauka. Mama mmoja mwenye duka aliniambia hakuona mtu mnene akirudi wala kusimama hapo, na mtu mnene juu ya baiskeli si kitu cha kusahaulika. Nililia, sifichi, mvua ilinisitiri. Kila nikifumba macho nilimwona wifi mlangoni.

Nilikata tamaa nikaanza kuupanda mlima upya. Ndipo nikaona koti la mvua la njano likishuka taratibu kutoka juu, breki zinalia. Alikuwa kaka.

Kumbe hakusimama kabisa kituoni. Alijua akikaa hatainuka, tena alikuwa amechoka kusubiriwa, akapita kimyakimya ili angalau mara moja awe mbele. Wenzetu walipomkuta walimwambia dada yake amerudi kumtafuta. Naye akageuza.

"Una wazimu?" nikamwambia. "Na kifua hicho? Mlima huu utaupanda tena."

Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Nilimpa dawa, akavuta mara mbili, tukangoja, pumzi ikatulia. Nilimkumbatia, kofia yake ngumu ikanigonga pua, nikamtukana kidogo, nikamkumbatia tena.

"Nyuma ya kila mtu ulikuwa wewe," akasema. "Nyuma yako hapakuwa na mtu."

Nilimpigia wifi nikamwambia mumewe ninaye, mzima, ila ameloa. Kisha kaka akaniambia nitangulie. Tuliupanda mlima, mahali pengine tukishuka na kusukuma baiskeli, yeye nyuma yangu akinguruma kama mashine yake ya kunyolea. Tangu asubuhi nilikuwa nageuza shingo kila dakika. Sasa sikugeuka hata mara moja, kwa sababu nilikuwa namsikia akihema.